Kusoma kwa Masista Bila Kuambukizwa: Mwongozo kwa Njuka wa Pwani

Kila Januari napigiwa simu za namna moja. Mzazi wa Pangani, wa Kilwa au wa Bagamoyo amempatia binti yake nafasi katika shule ya masista, huko juu kwenye baridi. Ada amelipa, tranka amenunua, matokeo ya shule ameyatazama akayapenda. Limebaki swali moja, na huliuliza kwa kunong'ona, kana kwamba Sista Mkuu kasimama nyuma ya mlango: "Ati, hawatamgeuza?"

Wananiuliza mimi kwa sababu mto huo niliuvuka. Januari 1993 niliingia kidato cha kwanza kwa masista nikiwa Mwislamu, na miaka minne baadaye nikatoka Mwislamu. Kwa hesabu za mtaani kwetu hilo linanifanya mtaalamu, mtu aliyeoga na mamba akarudi na miguu yote miwili. Basi, kwa faida ya umma, natoa hapa mbinu zote, hatua kwa hatua. Ukizifuata bila kuteleza, mwanao atarudi na cheti mkononi na kichwa kilekile alichoondoka nacho, hakijaguswa.

VIFAA

Msala mmoja. Shungi tatu. Tasbihi. Ndoo yenye jina lako. Tranka na kufuli. Na hofu. Hofu usihangaike kuinunua, ukoo utakupa bure.

Mimi yangu nilipewa na bibi yangu. Usiku wa kuamkia safari alinikalisha mkekani akaniambia: "Mjukuu wangu, vitabu vyao soma, maji yao usiyaguse." Alikusudia maji ya ubatizo. Mimi nilifikiri anasema maji ya kuoga, na wiki ya kwanza, nilipoyaonja yale maji ya mlimani saa kumi na moja alfajiri, nilimtii bila taabu.

Bibi hakuwa mzushi. Enzi zake shule nyingi zilikuwa za misheni, na pwani nzima ilijua kwamba mtoto anaweza kuingia Juma akatoka Yohana. Wazazi wengi wa Kiislamu wakaona heri chuoni kwa mwalimu wa Kurani: mtoto akikosa ukarani, angalau asikose akhera. Baadaye serikali ya Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa, ikaleta Sheria ya Elimu ya 1969, shule za misheni zikataifishwa na watoto wa dini zote wakatiwa bweni moja. Miaka ikapita, milango ya shule binafsi ikafunguliwa, taasisi za dini zikajenga upya. Mabadiliko yote hayo Bibi hakuletewa taarifa. Hofu yake ilibaki na tarehe ileile ya zamani, nami nikaipakia kwenye tranka pamoja na sabuni.

HATUA YA 1: Jihadhari na salamu

Hatari huanza kabla hujavua viatu. Sista ataingia darasani na kusema, "Tumsifu Yesu Kristu." Darasa zima litanguruma, "Milele na amina." Wewe utakuwa umeshafungua mdomo, na mdomo wa mtu wa pwani ukisalimiwa haujui kufungwa. Mimi nilijibu, "Waaleikum salaam." Peke yangu, baada ya wote kunyamaza.

Nilisubiri kufukuzwa. Sista akanitazama juu ya miwani, akasema, "Ahsante mwanangu, amani tunaihitaji," akageukia ubao. Ndipo nilipogundua jambo la kutisha sana: Sista alijua maana ya nilichosema.

Mbinu iliyothibitishwa ni kukimbilia shikamoo. Shikamoo haina dini, ina umri tu.

Usije ukadhani ukishaijua salamu ya masista umemaliza. Bwenini kuna Walutheri wa "Bwana Yesu asifiwe", na kuna ugomvi wa herufi moja: Wakatoliki wanasema Kristu, wenzao wanasema Kristo, na kila upande unaisikia herufi ya mwenzake kama jiwe kwenye wali. Nyumbani niliambiwa Wakristo ni kitu kimoja. Nilipowaona wakibishana nilishtuka, kisha nikaona haya, maana huku kwetu nimeacha msikiti umegawanyika juu ya kunuti, ile dua ya swala ya alfajiri, wanaoisoma huku, wasioisoma kule, na salamu imekatika kati ya mashemeji.

HATUA YA 2: Omba deka isiyo na mtu juu

Dini ya mwenzako haikai kanisani. Kanisani utaikwepa kwa urahisi. Inakaa kwenye deka ya juu, inakoroma, inaangusha sega, inakuomba chumvi.

Yangu ilikuwa Mchagga wa Rombo, binti wa katekista. Alikuwa na rozari chini ya mto wake, nami nilikuwa na tasbihi chini ya wangu, na kila mmoja alikuwa ameonywa na kwao juu ya kile kilicho chini ya mto wa mwenzake. Usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya usafi wa bweni, mito ikarushwa ovyo. Nilipomaliza swala ya isha nikapapasa kiza, nikaokota punje zangu, nikaanza kuhesabu. Subhanallah thelathini na tatu zikaisha, punje bado zipo. Nikaendelea. Vidole vikafika mahali penye punje moja iliyojitenga, kisha nyingine tatu, kisha moja tena, kisha kitu chenye ncha nne.

Juu yangu sauti ikanong'ona, "Shoga, mbona hii yangu leo haina msalaba?"

Tulibadilishana gizani bila kusema neno, kama wezi wanaogawana mali. Kesho yake tulizihesabu kwa mwanga: yake punje 59, yangu 99. Tukaulizana ni nani wa kwanza kufikiri kwamba kidole cha mtu kinaweza kuusaidia moyo usipotee njia. Hakuna aliyejua. Unaona? Kosa moja la kitanda, na tayari mnaulizana maswali.

HATUA YA 3: Lilinde tumbo

Masista walifuga nguruwe nyuma ya jiko. Siku nguruwe alipochinjwa, meza moja kule pembeni ya bwalo ilipewa mayai. Nilikwenda kwenye meza ile nimeinua kichwa, shahidi wa imani, nikitarajia kukaa na ndugu zangu katika Uislamu. Nikakuta nusu ya meza ni Wasabato.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kuna Wakristo wanaomkimbia nguruwe kuliko shangazi yangu. Tena Jumamosi, wakati bweni zima linasugua sakafu, wao walikuwa wamevaa nguo safi wamekaa chini ya mti na Biblia. Kwa muda wa wiki mbili nilifikiria kwa dhati juu ya Usabato. Haukuwa mvuto wa mafundisho, ulikuwa mvuto wa sakafu.

Tena weka akilini kwamba siku za mayai dini yetu ilikuwa ikipata waumini wapya watatu au wanne, wenye majina kama Agnesi na Filomena, waliokaa mezani kwa unyenyekevu mkubwa. Mayai yalipokwisha, nao waliritadi.

HATUA YA 4: Kichwa chako ni uwanja wa vita

Kanuni za shule zilisema vichwa viwe wazi. Aliyenisomea kanuni hiyo alikuwa Sista Mkuu, ambaye nywele zake sikuwahi kuziona hata unywele mmoja kwa miaka minne. Aliinua mkono kuonyesha ushungi wangu, mkono ukagusa kitambaa chake mwenyewe cha kichwani, akasita. Tukatazamana, wanawake wawili waliojifunika kwa ajili ya Mungu, mmoja akiwa na madaraka.

Wiki iliyofuata likatoka tangazo: ushungi mweupe ruhusa, nje ya darasa. Ndani ya darasa vichwa vilibaki wazi, nadhani ili hesabu ziingie vizuri. Ilikuwa nusu ya haki, na nusu nyingine niliidai hadi namaliza bila kuipata.

Wengine wamelifikisha mbali zaidi. Kenya, kesi ya shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist ilipanda ngazi zote: Mahakama ya Rufani ikawaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu mwaka 2016, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi. Njuka, ukiambiwa jambo hili ni dogo, jibu kwamba limewashinda majaji.

HATUA YA 5: Wakifunga, cheka. Ukifunga wewe, nuna

Mwaka 1993 kalenda ilitutega. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 24 Februari, na Ramadhani iliandama karibu siku hiyohiyo. Bweni zima likawa na njaa ya kidini.

Asubuhi yule wa Rombo alirudi kutoka misani na alama nyeusi kwenye paji la uso. "Shoga, una masizi," nikamwambia, nikalowesha ncha ya khanga nimfute. Akanidaka mkono. "Yaache. Ya kanisani." Nikamuuliza walikuwa wanapika nini kanisani. Akanieleza kwamba ni majivu ya matawi ya mwaka jana, yale ya Jumapili ya Matawi, na kwamba unapakwa ukumbuke kuwa u mavumbi. Nikanyamaza. Nami chuoni nilifundishwa kwamba nimetokana na udongo, ila hakuna aliyewahi kunipaka.

Ulipofika wakati wa chai, nikamwona anakunywa.

"Si umesema umefunga?"

"Nimefunga. Mlo kamili mmoja tu kwa siku, na nyama hakuna."

"Hiyo si funga, shoga. Hiyo ni kuchelewa kula."

"Na yenu? Ninyi mnahamisha tu chakula kwenda usiku."

Hatukusemezana hadi magharibi. Magharibi aliniletea andazi alilolificha tangu asubuhi. Lilikuwa gumu kama kifuniko cha tranka, nikafuturu nalo.

Hatari kubwa zaidi ilitoka jikoni. Siku ya tatu Sista wa jikoni alitukusanya Waislamu wote, tukiwa 11, tukajua tunakatazwa kufunga. Akauliza, "Daku mnaamka saa ngapi?"

"Saa kumi usiku, Sista."

Akafikiri. "Mimi naamka saa kumi na nusu kusali. Nusu saa siyo mbali."

Mwezi mzima tulikula wali wa moto saa kumi usiku, umepikwa na mtawa mwenye usingizi. Jaribu kumchukia mtu wa namna hiyo. Nimejaribu, na nakuhakikishia ni kazi inayohitaji tumbo tupu.

HATUA YA 6: Usiulize, na usikubali kuulizwa

Hii ndiyo nguzo ya mwongozo mzima. Ukiishika hii, hizo nyingine ukiziacha si neno. Mimi ndipo nilipoanguka.

Jioni moja yule wa Rombo alikuwa amelala kifudifudi juu ya deka yake, akinitazama nikiswali. Nilipotoa salamu akauliza, bila ubaya wowote, "Ukiweka uso chini, huwa unasema nini?"

"Subhana rabbiyal-aala."

"Maana yake?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Hesabu ndiyo iliyoniaibisha. Swala za faradhi ni rakaa 17 kwa siku. Kila rakaa ina sijda mbili, na kila sijda husemwa maneno yale mara tatu: mara 102 kwa siku. Niliswali tangu nina miaka saba, na sasa nilikuwa na 14. Ondoa siku za udhuru, ondoa siku za uvivu, bado nilikuwa nimeyasema zaidi ya mara laki moja, uso ukiwa ardhini, bila kujua nasema nini.

Nikamwandikia barua mwalimu wetu wa chuoni, kwetu Pangani. Jibu lilichukua wiki tatu kufika. Alinieleza maana: ametakasika Mola wangu aliye juu kabisa. Chini akaongeza mstari mmoja: "Mbona hukuniuliza ulipokuwa hapa?" Nilikaa na mstari ule siku nyingi. Pangani kila mtu alisujudu. Nani angekuwa na haja ya kuuliza?

Kuanzia hapo bweni likaharibika. Nami nikamuuliza yake: "Hivi mnamwabudu Mariamu?" Akasema hapana, akaenda kwa Sista kuhakikisha, akarudi na tofauti kati ya kuabudu na kuheshimu, ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Oktoba, mwezi wa rozari, Sista akaniomba nilieleze darasa Kurani inasema nini juu ya Mariamu. Barua nyingine ikaenda Pangani. Nikasimama nikawaeleza kwamba sura ya 19 imebeba jina lake, kwamba ni mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Kurani yote, na kwamba uchungu ulimshika akiwa peke yake penye shina la mtende, akaambiwa alitikise, tende mbivu zikamwangukia.

"Kwetu alijifungulia penye hori la ng'ombe," akasema mmoja. Wakaanza kubishana, mtende, hori, mtende, hori, hadi wa Rombo akawanyamazisha: "Vitabu vyote viwili, hakuna aliyempa mama wa watu kitanda."

HATUA YA 7: Kitabu cha mwenzako kisome kama wakili wa upande wa pili

Kama ni lazima usome, chagua aya sita tu, zile zinazouma. Miaka ile mihadhara ya kulinganisha dini ilikuwa imepamba moto viwanjani, na kila likizo mtu alirudi shuleni na daftari la risasi mpya. Wakristo nao walikuwa na la kwao. Faida ya mtindo huu ni kwamba mnaweza kubishana miaka minne bila hata mmoja kusikia.

Tena usidhani mbinu hii ni ya mabwenini pekee. Imejaribiwa kitaifa. Aprili 1993, nikiwa bado njuka, mabucha ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam. Oktoba 2012, kule Mbagala, watoto wawili walibishana juu ya msahafu: mmoja alisema anayeudhalilisha atadhurika, mwenzake akaudhalilisha ili aone. Kabla wiki haijaisha makanisa yalikuwa yamechomwa. Watoto wale walikuwa na swali, nao wakalijaribu kwa namna mbaya kabisa, ya kitoto. Watu wazima waliokuwa na moto mikononi hawakuwa na swali lolote. Wao walikuwa wameufuata mwongozo huu tangu hatua ya kwanza, wala hawakuteleza.

HATUA YA 8: Acha Kiswahili

Hii nimeiweka mwisho kwa kuwa ni ngumu. Mwambie mwanao akiwa huko asiseme dhambi, toba, malaika, nabii, sadaka, imani wala dini, kwa sababu hayo ni maneno ya msikitini ambayo utayakuta yote kanisani yamekaa kitako, yamepewa kiti cha mbele. Nilipoisikia misa kwa mara ya kwanza kupitia dirishani nilijua nusu ya maneno. Hilo lilinitisha kuliko kama nisingejua hata moja.

Wala asisome historia ya lugha hii. Atakuta kwamba Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Atakuta pia kwamba tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar. Masheikh hawakuipenda, na walikuwa na sababu zao. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ikaja kukamilika mwaka 1969, mwaka uleule wa Sheria ya Elimu. Kadhi akiwa na Mwanzo, padri akiwa na Kurani: ukiwapa watoto habari hizi wakiwa wadogo, watakuwa na kiburi cha kuulizana.

DALILI ZA KUAMBUKIZWA

Mchunguze mwanao likizo ya kwanza. Mjomba akisema sebuleni "Wakristo wanaamini hivi", naye akauliza "Wakatoliki au Walutheri?", ameshapata. Akisikia kichekesho juu ya padri asicheke mpaka ajue ni padri yupi, ameshapata. Hakuna dawa.

Mimi Bibi alinipima siku ileile niliyoshuka kwenye basi. "Wamekugusa na maji yao?"

"Ya baridi mno, Bibi."

Tukaswali magharibi pamoja. Tulipomaliza nilishindwa kujizuia, nikamwambia maana ya yale maneno ya sijda. Bibi aliswali miaka sitini na zaidi. Alikaa na tasbihi mkononi, hazungushi. Kisha akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. "Nani kakufundisha?"

"Mwalimu, Bibi. Kwa barua."

Nilisema kweli. Aliyeniuliza sikumtaja.

Februari 2026, baada ya miaka 33, mwezi ulimaliza mzunguko wake na Ramadhani ikagongana tena na Kwaresima, karibu siku moja kama ule mwaka wetu wa kwanza. Asubuhi ya funga ya kwanza simu ikaita, nikajua ni nani kabla sijaitazama.

"Shoga, umeshaanza kuhamisha chakula?"

"Nimeanza. Na wewe, umechelewa kula?"

"Nimechelewa. Haya, nikumbushe: yale maneno ya chini, ulisema maana yake nini?"